Kengele, Ngazi na Wifi Yangu

4 Machi

Wifi yangu wa mbali,

Sisi huku wazima, na kelele zetu ni zilezile. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua: ukisema "haloo" sebuleni, jirani wa tatu anaitikia. Na haya ninayotaka kukueleza sitaki yaitikiwe.

Binti yetu mkubwa ameanza chuo cha ualimu na tayari anatusahihisha tukiongea. Mdogo wake amengʼoka meno mawili ya mbele, akisema "shangazi" anapiga mluzi. Kaka yako mchana anaziba mabomba ya watu, jioni ni katibu wa tawi la chama cha Kengele, na ile kengele ya marehemu baba yenu bado iko juu ya kabati. Kila Jumamosi anaifuta vumbi kwa kitambaa ambacho mimi siruhusiwi kufutia kitu kingine.

Sasa nisikilize. Wadi yetu ya wazazi imefungwa. Tangu Januari kina mama wanatakiwa kwenda hospitali kubwa, ngʼambo ya mji. Mimi niliyezalisha nusu ya mtaa huu nimepewa mzani, napima watoto uzito. Wiki iliyopita dereva wa teksi alikuja mbio mpaka mlangoni, viatu mkononi, anapiga kelele, "Mkunga! Mkunga!" Nilimkuta mama kiti cha nyuma, gari limekwama kwenye foleni mbele ya benki. Nikazalisha palepale, huku wenye magari wanatupigia honi. Mama na mtoto hawajambo. Dereva ndiye aliyelazwa kwa presha.

Nilikwenda kwa diwani wetu, yule mwenye duka la vioo, wa chama cha Ngazi. Akasema ni mpango wa maendeleo. Nikaenda kwa wakubwa wa Kengele, nikijua hao ni wapinzani wake, watafurahi kupata la kusema. Wakaangalia dari. Kumbe siku ya kuifunga wadi barazani walinyoosha mikono pamoja, Kengele na Ngazi, watu ambao hawajawahi kukubaliana hata dirisha lifunguliwe au lifungwe!

Basi kuna mtu mmoja hapa mtaani anafikiria kugombea udiwani bila chama. Unaonaje? Niandikie mwenyewe, usimpitishie kaka yako.

Wifi yako,
Mkunga

29 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma kituo cha mwisho, nikisubiri zamu yangu ya kuendesha tramu, mikono imeganda hata bahasha imenishinda kufungua, nikatumia meno. Mimi mzima. Baridi inaondoka kwa madaha kama mgeni anayeaga mlangoni saa nzima. Abiria wangu wananuna kama kawaida, ila yule bibi wa siti ya mbele ameniletea soksi alizofuma mwenyewe. Moja kubwa, moja ndogo. Nazivaa hivyohivyo.

Nimecheka kuhusu teksi, halafu nikaacha kucheka. Ungechelewa je?

Lakini kuhusu huyo bwana anayetaka kugombea: mwambie akae chini anywe maji. Bila chama atapata kura za mke wake na za shemeji zake, basi. Na hizo kura chache atazitoa wapi? Kwetu, Kengele, maana watu wa Ngazi hawahami hata nyumba ikiungua. Matokeo yake mwenye duka la vioo atarudi barazani anachekelea, na huyo bwana wenu atakuwa amemfungulia mlango.

Baba alitufundisha nini? Vyama viwili, kama mikono miwili. Mmoja ukikosea, unajua wa kumchapa. Huku nilipo wana vyama saba, wifi. Saba! Walipiga kura vuli, na serikali imepatikana majuzi tu. Miezi yote hiyo walikuwa wanajadiliana hotelini, na mwisho waziri wa usafiri akawa mtu ambaye chama chake hata abiria wangu hawakijui jina. Nani alimchagua? Hakuna anayejua. Kila mmoja anasema "si mimi." Hayo ndiyo unayoyataka huko?

Wabusu watoto. Mwambie huyo mpiga mluzi anitumie picha.

Wifi yako wa tramu

18 Aprili

Wifi mpenzi,

Picha hiyo hapo ndani. Alikataa kucheka ili meno yasionekane, nikamtekenya.

Sasa, huyo bwana unayemwambia akae chini anywe maji amekunywa, na bado amesimama. Tena anavaa gauni, na analala kitanda kimoja na kaka yako. Au alikuwa akilala. Tangu Jumapili kaka yako amegundua kwamba sebuleni kuna hewa nzuri zaidi.

Ni mimi, wifi. Nimechukua fomu na nimezirudisha. Nilipewa nembo zilizobaki nichague: mwavuli, kiatu au beseni. Nikachukua beseni. Hakuna mtoto aliyezaliwa hapa bila beseni.

Umeuliza Baba alitufundisha nini. Mimi niliolewa humu nikamkuta bado ana nguvu, na nilimpenda. Lakini mikono miwili niliyoiona mimi siku hizi ni ya mtu mmoja. Kwa bei ya maji, wanagombana. Kwa majina ya barabara, wanatukanana. Kwa wadi ya wazazi, wameshikana. Mimi ninayetaka wadi ifunguliwe nimpigie nani? Nikimpigia Kengele, nimesema ifungwe. Nikimpigia Ngazi, nimesema ifungwe. Nikikaa nyumbani, wanasema nimeridhika. Nionyeshe kisanduku changu kiko wapi kwenye karatasi ile, nitatia alama na kurudi jikoni kwa amani.

Nilimwambia kaka yako mezani, baada ya chakula, watoto wametoka. Akaweka kikombe chini polepole.

"Unagombea dhidi yangu?"

"Wewe hugombei. Mgombea wenu ni Wakili."

"Mimi ndiye katibu. Ukisimama, umesimama dhidi yangu."

"Basi niambie Wakili atafungua wadi, nijitoe kesho."

Mtu mwongo angesema ndiyo, wifi. Kaka yako hakuweza. Akachukua mto wake.

Nijibu haraka. Hata ukinitukana, nijibu.

Mkunga

30 Mei

Wifi,

Sijapata barua yako. Posta nimekwenda mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Labda umebadilishiwa zamu. Labda umekasirika. Sitauliza.

Sisi hatujambo. Kampeni zimeanza. Kina mama wanakuja mikutanoni na mabeseni vichwani, wanayapiga kama ngoma, mtaa mzima hausikilizani. Jana nilikuwa nashuka barabara ya soko na watu wangu, na kaka yako anapanda na watu wa Kengele, kengele ya baba yenu mkononi, kofia ya chama kichwani, anasifu Wakili kwa kipaza sauti. Tukakutana penye njia nyembamba kati ya duka la vitambaa na ukuta wa shule. Watu wote wakasimama kuona itakuwaje. Yeye akashusha kipaza sauti, akasogea ukutani.

"Pita kwanza," akasema.

Nikapita. Nyuma yangu nikasikia anaanza tena: "Chagueni Wakili!" Sauti imemkauka, maskini. Jioni nilimwachia maji ya tangawizi na asali mezani. Asubuhi kikombe kilikuwa kimeoshwa.

Bado yuko sebuleni.

Mkunga

22 Juni

Wifi yangu,

Nisamehe, ingawa najua utasema hakuna cha kusamehe kisha utanikumbusha miaka kumi. Barua zako mbili ziko hapa mezani. Ya kwanza nilianza kuijibu mara nyingi nikachana. Soksi zimekwisha, baridi imekwisha, mti ulio mbele ya dirisha langu umetoa maua, nami nilikuwa nimenuna tu.

Kaka alinipigia simu Aprili. Alitaka nikuandikie ujitoe. Hakusema hivyo, alizungukazunguka, akauliza hali ya hewa, akauliza tramu zinatumia umeme kiasi gani, mwishowe akasema, "Wifi yako anakusikia wewe." Nikamwambia nitaandika. Nikaandika kweli, kurasa nne, kali. Halafu nikaikuta barua ile inafanana na hotuba ya mkutanoni, haina hata jambo moja ninalolijua kwa macho yangu. Sikuituma. Nikashindwa kutuma nyingine.

Sasa nikwambie ninalolijua kwa macho yangu. Nimeishi huku muda mrefu, nalipa kodi, naendesha watu kwenda kupiga kura. Siku ya uchaguzi tramu ni bure, wanajaa, wanashuka shuleni, wanarudi wanajadiliana. Mimi napiga kengele ya mlango, nakwenda kituo kinachofuata. Sijawahi kupiga kura hapa. Karatasi zangu haziruhusu. Na huko kwetu jina langu lilishafutwa. Kwa hiyo Kengele ya baba ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho, wifi. Naulizwa "wewe ni wa upande gani," nina jibu. Uliposema mikono yote ni ya mtu mmoja, nilihisi umenivua koti nikiwa nje.

Na nikuongezee jambo nililolificha nilipokusimulia vyama saba. Kile cha mwisho, cha waziri wa usafiri asiyejulikana, kilianzishwa na madereva na watu wa mitambo. Ndicho kilichopigania tupate choo vituo vya mwisho. Kabla ya hapo vyama viwili vikubwa vilipokezana miaka nenda rudi, na sisi tukibana mkojo.

Bado naogopa utatugawia kura na Ngazi watashinda. Sijabadilika hapo. Lakini ningekuwa na karatasi mkononi, ningetafuta beseni.

Usimwambie kaka.

Wifi yako

14 Agosti

Wifi, wifi, wifi!

Keti kwanza. Kama unaendesha, simamisha tramu.

Watoto wazima, nami mzima, ila miguu imevimba. Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Mimi sikuruhusiwa kukaa ndani ya chumba cha kuhesabia, kwa hiyo haya nimesimuliwa na binti yetu, aliyekuwa wakala wangu, na anasimulia kama mwalimu, bila kuruka koma.

Kituo chetu ni lile darasa lenye ramani ya dunia iliyochanika. Saa kumi jioni wakafunga mlango, wakamwaga sanduku mezani. Wakala wa Ngazi alikuwa kinyozi wa pale sokoni. Wakala wa Kengele alikuwa kaka yako. Vituo vingine vilikuwa vimeshatoa matokeo kwa simu: Wakili yuko nyuma kabisa, hana hata nafasi, na mwenye duka la vioo ananizidi kidogo sana. Kila kitu kikabaki kwenye meza ile.

Wakahesabu. Mwisho zikabaki kura zilizowekwa pembeni, kama kumi na tano. Waliozipiga, wengi wao bibi zetu wa mtaani, hawakutia alama kwenye kisanduku. Walitia alama juu ya picha ya beseni. Moja ilikuwa imechorewa mtoto ndani ya beseni, ana miguu na mikono.

Kinyozi akasema, "Hizi zimeharibika."

Wakubwa wa Kengele walikuwa wameshampigia kaka yako simu: zikubaliwe kuwa zimeharibika. Afadhali mwenye duka la vioo, wanamjua, wameshamzoea, kuliko kufungua njia kwa kila mtu mwenye beseni lake. Msimamizi akasema, "Kama vyama vyote viwili mmekubaliana, naziweka kando."

Binti yetu akapinga. Akamwangalia baba yake. Anasema baba yake alivua kofia ya Kengele, akaifuta jasho ndani, akaivaa tena. Akachukua ile karatasi yenye mtoto.

"Sheria inasema nini?" akamuuliza msimamizi.

"Alama ionyeshe wazi anamtaka nani."

"Basi wewe mwenyewe soma. Huyu anamtaka nani?"

Kinyozi akacheka. "Katibu, huyo ni mkeo."

"Sikuulizi ni nani. Nakuuliza huyu bibi aliyechora hapa alikuja kumchagua nani. Kama ni Wakili, niambie, nitafurahi sana."

Msimamizi akasoma kijitabu chake, akasoma tena, akazirudisha zote mezani.

Nimeshinda kwa kura tisa.

Nilikuwa nimekaa ukumbini kwa jirani, nikasikia mabeseni yanapigwa kuanzia barabara ya shule, yanakuja, yanakuja. Nililia, wifi. Kisha nikarudi nyumbani, nikamkuta kaka yako jikoni anachemsha chai. Alishavuliwa ukatibu, kwa simu, kabla hajafika nyumbani. Akanimiminia kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

"Hongera, Mheshimiwa," akasema. "Lakini mimi sikukupigia."

"Najua," nikasema.

Tukanywa chai. Mto umerudi chumbani. Sikumuuliza zaidi, na wewe usimuulize.

Diwani wako

6 Septemba

Mheshimiwa Wifi,

Nilisoma barua yako kwenye kiti cha dereva, kituo cha mwisho, nikapiga kengele ya tramu mpaka bibi wa soksi akaja kuniuliza kama nimeugua. Nikamweleza yote, mpaka mtoto ndani ya beseni. Akasema huku kwao miaka ya ujana wake mtu alishinda kwa nembo ya ufagio, na akageuka mwizi. Nikamwambia huyu si mwizi, huyu tangu nimwite wifi akiazima kitenge changu hukirudisha bila kudaiwa. Hakuelewa, lakini alifurahi.

Umesema nisimuulize kaka. Nilimpigia simu siku hiyohiyo. Nikamuuliza alimpigia nani kura. Akasema mtandao unakatika. Nilikuwa nasikia hadi kijiko kinavyogonga kikombe chake.

Nilisema naogopa kura zetu zitagawanyika, na kweli ziligawanyika, ila zilizogawanyika ni za vyama vyote viwili. Hilo sikulitarajia. Tunazungumza kila siku kuhusu watu wa Ngazi kana kwamba wake zao hawazai.

Bado nina swali moja, na si la ubishi. Umeingia peke yako. Sheria ya baraza ni mikono, na wewe una miwili tu, na wa kuhesabiwa ni mmoja. Utafanyaje?

Niandikie kikao cha kwanza kilivyokuwa. Usitie chumvi, nitajua.

Wifi yako anayejidai kwa mtaa mzima wa wageni

9 Oktoba

Wifi yangu,

Hatujambo. Mpiga mluzi ameota jino moja, kwa hiyo sasa anapiga mluzi wa upande. Binti anafundisha kwa majaribio, watoto wa darasa la pili wameshamtoa machozi mara moja. Kaka yako amepata kazi kubwa ya mabomba kwenye jengo jipya na anarudi na plasta masikioni.

Bila chumvi, basi.

Ukumbi wa baraza una safu mbili zinazoangaliana, Ngazi dirishani, Kengele ukutani, na katikati zulia. Niliingia na gauni langu la samawati, nikasimama mlangoni. Karani akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akanionyesha kiti alichokuwa akikalia mwenye duka la vioo.

"Hicho ni cha Ngazi," nikasema.

"Basi upande ule."

"Ule ni wa Kengele."

"Mheshimiwa, pande ni mbili."

"Naona."

Alikuna kichwa. Mwishowe wakaleta kiti kutoka ofisini, wakakiweka mwisho wa zulia, karibu na meza ya chai. Kinayumba, nikiegemea kushoto kinanipeleka kushoto, nikiegemea kulia vilevile. Madiwani wakacheka, nami nikacheka. Lakini wifi, kila anayetaka chai lazima apite kwangu. Kabla kikao hakijaanza nilikuwa nimeshaulizwa kuhusu goti la mama wa mtu, kikohozi cha mjukuu na mimba ya shemeji. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakizungumza kwa sauti ya kawaida.

Nikaleta hoja yangu. Kiongozi wa Ngazi akasimama, akasema suala hili liliamuliwa kwa pamoja. Kiongozi wa Kengele akasimama, akasema vilevile, neno kwa neno. Wakaangaliana, wakaona aibu kidogo.

Nikauliza swali moja: nani kati yao aliombwa na mpigakura wake wadi ifungwe? Sikusema kwa ukali. Nilitaka kujua kweli. Wengine wakaanza kupanga karatasi zao. Kisha mama mmoja wa Ngazi, mnene, mpole, ambaye hajawahi kusema barazani, akasema, "Mimi niliambiwa na chama. Kwangu nyumbani niliambiwa vingine." Akanyoosha mkono. Mzee wa Kengele aliye mbele yake akamtazama, akanyoosha wake. Halafu wengine, mmojammoja, kila mmoja akichungulia upande wa pili kwanza.

Hatukupata vyote. Wadi itafunguliwa kwa nusu mwaka wa majaribio, na mkunga mmoja badala ya watatu. Hujaniuliza kama nimeridhika, ila nimeridhika. Jumatatu nimekwenda kutandika vitanda mwenyewe. Madirisha yalikuwa na utando wa buibui, nikaimba nikiufagia. Na swali lako la mkono mmoja sina jibu kubwa. Siku hiyo ulitosha kuanza. Siku nyingine labda hautatosha.

Kaka yako alikuja kukaa juu, kwenye viti vya wananchi, na kofia yake ya Kengele. Kikao kilipokwisha alishuka, akaja moja kwa moja kwenye kiti changu, akatoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti chini yake. Madiwani wakawa wanamzunguka na vikombe vyao, hawa wa huku na wale wa kule. Kiongozi wa Kengele akasimama, akainama kumwangalia.

"Vipi, katibu? Umehama?"

Sauti ikatoka chini ya kiti: "Sijahama. Kiti kinayumba."

Wifi yako,
Mkunga